Piano Haina Ngozi

Oronza Rizzello alipiga tari kwa miaka mingi hata kiganja chake cha kulia kikaota sugu kama kisigino. Alikuwa mfupi, mjane, mwenye maneno machache na yote makali. Kama sisi sote wa kijiji cha Cutrano, huku kusini mwa Italia, alifanya kibarua katika mashamba ya Baroni: ngano mwezi wa Juni, tumbaku jua likianza kuchoma, zeituni baridi ikiingia. Lakini akiitwa aende na tari lake aliweka mundu chini papo hapo akaondoka, na msimamizi wa Baroni hakuthubutu kumzuia, maana msimamizi naye alikuwa na dada.

Kazi yake hiyo ya pili ilikuwa kuwapunga walioumwa na taranta. Huyo ni buibui wa mashamba ya ngano, na anaowauma zaidi ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaoinama kufunga miganda. Aliyeumwa hali, hasemi, analala kama gogo au analia bila kujua anachokililia. Daktari hana lake hapo. Huitwa Fundi Pantaleo, kinyozi mwenye fidla, huitwa na Oronza, shuka jeupe linatandikwa sakafuni, na wale wawili wanaanza kutafuta. Wanapiga wimbo huu: kimya. Wanapiga ule: kimya. Kila taranta ana ngoma yake, na lazima uipate hiyo hiyo. Mgonjwa akitikisa kidole cha mguu, umeshampata, na hapo ole wako uache kupiga. Utapiga acheze, azunguke, agaegae, mpaka aanguke mwenyewe amemaliza. Ukikatisha njiani umemfungia buibui ndani.

Na liko sharti jingine. Wimbo uliomponya mtu haupigwi ovyo baadaye. Haupigwi arusini, haupigwi kwenye kanivali, hata mluzi wake haupigwi kisimani. Unaachwa ulale. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, na kwetu sisi maneno hayo si ya kupambia mazungumzo. Oronza aliyajua kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana yaliyomkuta yanauma hata kuyasimulia.

Alikuwa na binti mmoja tu, Leonarda, tuliyemwita Narda. Mwaka alipofikia umri wa kuolewa, wakati wa mavuno, Narda aliinama kufunga mganda akainuka mweupe kama unga. Usiku ule hakula. Asubuhi hakumjua mama yake. Oronza akalitoa tari na kuanza kumtafutia binti yake mwenyewe, na hakuna wimbo ulioitika. Nyimbo zote alizokuwa nazo, na zile zote za Fundi Pantaleo, zilipita juu ya yule msichana kama upepo juu ya jiwe. Siku zikapita. Ngozi ya kiganja ikapasuka, sugu na yote, damu ikachora duara kwenye ngozi ya mbuzi. Basi katika kuchoka kwake, akipiga bila kujua anapiga nini, mkono ukaangukia wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Kidole cha mguu cha Narda kikatikisika. Pantaleo akaudaka na fidla yake, akilia.

Alicheza, akaanguka, akalala, akaamka akaomba mkate. Siku ya Paulo Mtakatifu, mlinzi wa walioumwa, walimpeleka mji wa Galatina, akanywa maji ya kisima cha kanisa lake dogo, akapewa neema. Mwaka uliofuata Juni, mwezi ambao taranta humrudia mtu, ikapita naye hakutetemeka hata kope. Kijiji kikasema: huyo kapona. Na ndipo Cosimo, mfinyanzi, alipotuma posa.

Mama yake Cosimo, Bi Tora, alikuja mwenyewe na pete.

"Mimi sina neno na binti yako, Oronza. Anajua kuoka, mikono yake haikai bure. Ila nikwambie, buibui nyumbani kwangu haingii. Akirudi hata siku moja, pete yangu naitaka."

"Harudi."

"Nasema tu, shoga."

"Na mimi nakujibu tu, shoga."

Arusi ikapangwa baada ya Pasaka. Oronza alilitundika tari ukutani, akaanza kufuma mashuka ya binti yake. Tulimsikia akicheka, jambo ambalo wengine walikuwa hawajawahi kulisikia.

Majira ya zeituni Baroni akapata mgeni, Bwana Ebner, kijana mrefu kutoka kaskazini, mpiga piano. Nywele zake zilifika mabegani, na kabla jua halijatua watumishi walikwisha kumbatiza Bwana Nywele. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akikusanya nyimbo na ngoma za watu: za wapiga makasia wa Venezia, za mapenzi za wavuvi wa Napoli. Anazitia kwenye piano, anazipamba, na huko kwao, walisema, mabibi wanazimia wakimsikia. Sasa alitaka tarantella, ngoma ya huku kwetu. Baroni akawaita Oronza na Fundi Pantaleo jumbani kwake.

Wakampigia ya arusi, akaandika kidogo. Wakampigia ya mavuno, akaficha mwayo.

"Ni nzuri," alisema kwa Kiitaliano chake cha vitabuni. "Hata hivyo hizi nilikwisha kuzisikia Napoli. Huko yuko mwanamke mmoja apigaye kwa kasi zaidi."

Fundi Pantaleo akacheka kwa pua. "Umesikia, Oronza? Wa Napoli wanakimbia kutushinda."

"Wanakimbia kwa sababu hawana pa kufika."

"Je, hakuna nyingine?" bwana akauliza. "Ile yenyewe. Ile ya wagonjwa."

"Hiyo haipigwi."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu haipigwi, bwana."

Pantaleo akamvuta pembeni, dirishani. "Mpe ya Narda."

"Una wazimu wewe?"

"Nisikilize, mama, usinirukie. Narda yuko wapi? Yuko zeituni, mbali, haisikii. Na huyu akiichukua ataipiga wapi? Si kwenye hilo sanduku? Lina ngozi? Halina. Lina utumbo? Halina. Buibui huitwa na kitu kilichokuwa hai: ngozi ya mbuzi ya tari lako, utumbo wa kondoo wa fidla yangu. Waya na mbao, atasikia nini?"

Na kweli, hivyo ndivyo wazee walivyotufundisha. Kengele za kanisa hulia kila siku na hazijapata kumwamsha mtu, kwa kuwa ni chuma. Hakuna mpigaji hata mmoja wa pande zetu ambaye angempinga Pantaleo. Lakini nisiseme uongo. Oronza hakushawishiwa na ngozi wala utumbo. Alishawishiwa na yule mwanamke wa Napoli. Kiburi kilimpanda kutoka mkononi mpaka kichwani, akalishika tari, akapiga wimbo wa binti yake mwanzo hadi alipochoka, na Pantaleo nyuma yake.

Bwana Nywele hakuandika kitu. Alikaa mdomo wazi. Kisha akaenda kwenye piano akaurudisha wote, vile vile, na ule mdundo wa tari akauweka katika mkono wa kushoto. Oronza alisimama akiwa amelikumbatia tari kifuani. Kabla ya siku ile alikuwa ameusikia wimbo ule mara moja tu katika maisha yake, nyumba ikiwa na harufu ya ugonjwa, mtoto wake akigaagaa sakafuni. Hapa ulikuwa safi, umeoshwa, unang'aa. Alilia, naye si mtu wa kulia.

Akawa anarudi jumbani karibu kila alasiri. "Hapo unachelewa, bwana," alimwambia, akimgonga begani kama anavyomgonga mwanafunzi. "Hapo usibembeleze. Piga." Bwana alimwita mwalimu, na mwanamke ambaye maisha yake yote aliitwa wewe na msimamizi, neno hilo lilimlewesha kuliko divai.

Siku moja bwana akamuuliza, "Na unamalizikaje?"

"Haumaliziki. Unakwisha aliye sakafuni akianguka."

Bwana akacheka. "Mwalimu, katika ukumbi wangu hakuna mtu sakafuni. Watu wanataka kwenda kula. Nitautengenezea mwisho. Na katikati nitatia wimbo wa mapenzi wa Napoli, wa polepole, wapumue kidogo."

"Katikati hapapumuliwi," Oronza akasema.

Alilisema, na nampa haki yake kwa hilo. Lakini alilisema mara moja tu, naye bwana alikuwa amekwisha kugeukia kazi yake, na Oronza akaliacha likapita. Piano haina ngozi, alijiambia njiani. Alijiambia tena alipofika mlangoni kwake.

Jioni ile Narda alikuwa anamenya maharagwe. "Mama, unaimba nini?"

"Siimbi."

"Ulikuwa unaimba. Ulipokuwa unakoka moto." Narda alikitazama kisu mkononi mwake, kimesimama. "Nimesikia baridi hapa," akasema, akajishika nyuma ya goti, pale alipoumwa.

Oronza alimkemea kuwa baridi ni ya majira, avae soksi. Usiku mzima hakupata usingizi. Kulipokucha aliamua kwamba hatakwenda tena jumbani, na hakwenda. Bwana hakuwa na haja naye tena. Wimbo alikwisha kuuchukua.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, baada ya chakula cha mchana, Baroni aliwaalika mabwana na mabibi kutoka Lecce na Napoli wamsikilize mgeni wake. Ilikuwa kanivali, kwa hiyo sisi nasi tulifunguliwa uwanja wa ndani wa jumba tusikilize chini ya madirisha, na pipa la divai likatolewa. Oronza alitaka Narda abaki nyumbani. Lakini Bi Tora alikwisha kumpitia, amevaa vizuri, anataka kijiji kione mkwe wake.

"Una nini wewe?" Bi Tora aliuliza. "Mtoto asisikilize muziki?"

Oronza angejibu kwamba wimbo unaopigwa ni ule ule uliomponya Narda, pete ingetoka kidoleni pale pale mlangoni. Akamfunga binti yake leso kichwani, akaivuta mpaka ifunike masikio. Alitaka akae naye bega kwa bega, lakini mtumishi akaja mbio: Baronesa, mke wa Baroni, anamtaka mwalimu juu, bwana hataanza bila yeye. Wakamkalisha karibu na mlango wa ukumbi, kwenye kiti chenye kitambaa cha hariri, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

Bwana Nywele akaanza taratibu, kwa mawimbi na makasia ya Venezia, na mabibi wakafumba macho. Oronza alisali Salamu Maria moja, akaanza ya pili. Ndipo mkono wa kushoto wa bwana ukagonga chini kabisa ya piano ule mdundo, na kutoka uwanjani Oronza akasikia mayowe.

Hakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani. Alifika dirishani watu wamekwisha kurudi nyuma na kufanya duara. Narda alikuwa katikati, leso imeanguka, visigino vinapiga mawe. Cosimo amemshika mkono, kisha mkono umemponyoka. Wengine walipiga makofi, wakidhani ni kanivali. Bi Tora hakupiga. Oronza alishuka ngazi mbili mbili.

"Narda! Mwanangu! Nitazame mimi!"

Alipomfikia, juu muziki ukageuka. Ukaingia ule wimbo wa mapenzi, polepole, mtamu, wa kubembeleza. Narda akasimama katikati ya hatua, mguu mmoja hewani, macho dirishani. Nimewaona walioumwa wengi. Wanacheza, wanaanguka. Sijaona mwingine aliyesimamishwa namna ile, kama mtu aliyeshikwa nywele kutoka juu. Machozi yalimtoka na uso wake ukatabasamu, naye Oronza, aliyekwisha kumkumbatia, alihisi moyo wa binti yake ukingoja.

"Kaacha," Cosimo akamnong'oneza mama yake. "Mama, kaacha, si ndiyo?"

Ukarudi ule wa mwanzo, kwa kasi maradufu. Narda alimsukuma mama yake akaanguka chali. Akazunguka, akaenda chini kwa mikono na miguu, akatambaa mpaka ukutani chini ya dirisha akataka kuupanda, kucha zikikwaruza chokaa. Bado kidogo, Oronza alijiambia akiwa ameketi juu ya mawe, bado kidogo ataanguka, usiache bwana, usiache. Ndipo zikaja zile ngurumo tatu nne za mwisho, ule mwisho aliojitengenezea bwana, zikafuata kelele za makofi.

Narda hakuanguka. Aligeuza shingo taratibu.

"Mbona kanyamaza?"

Oronza akapanda juu na vumbi lake, akapita katikati ya mabibi, akapiga magoti mbele ya piano. "Endelea, bwana. Mpaka aanguke. Nakuomba, usimwache hapo alipo."

Bwana Nywele alikuwa anajifuta jasho, uso unang'aa. "Ameucheza? Wimbo wangu?" Alipomtazama mwanamke yule vizuri, furaha ikamtoka, akaketi tena, vidole vikashuka. Hilo nalo tumpe haki yake. Lakini Baroni alikuwa na wageni wa Napoli, na wageni wa Napoli walikuwa wamesimama madirishani wakiulizana, basi ni kweli, hapa kwenu bado mna mambo haya? Baroni akafunga kifuniko cha piano, naye bwana akawahi kuondoa vidole vyake.

"Nyumbani kwangu hapana taranta," alisema. "Mchukueni, mmwagieni maji."

Kesho yake gari la farasi likamchukua mgeni kuelekea kaskazini. Alimwachia Oronza salamu na kitambaa cha shingo cha hariri.

Tulifanya kila kitu kama ipasavyo. Shuka jeupe lilitandikwa, Fundi Pantaleo akakaza nyuzi bila kumtazama mtu usoni, na Oronza akalishusha tari ukutani. Wakapiga wimbo wa Narda. Waliupiga mpaka ngozi ya kiganja ikapasuka tena mahali pale pale. Narda aliketi katikati ya shuka, magoti kifuani, akimtazama mama yake kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee anaita jina lisilo lake.

"Si huo, mama."

"Ndio wenyewe. Ndio uliokuponya."

"Ulikuwa ndio. Sasa una kitu katikati."

Pantaleo akashusha fidla. Alikuwa mzee siku ile kuliko alivyokuwa asubuhi. "Mama yangu," alimwambia Oronza kwa sauti ndogo, "buibui kajifunza wimbo mwingine." Tangu siku hiyo hakupiga tena kwa ajili ya mtu yeyote. Aliendelea kunyoa.

Bi Tora alikuja kuchukua pete, na hakusema neno baya hata moja. Alilia mlangoni, kisha akaichukua. Oronza alikwenda jumbani mara nyingi kuliomba sanduku lile la piano, lakini Baroni alikwisha kuliuza Lecce, na hata lingekuwapo, nani angelipiga? Padri alisema wangoje Juni, Paulo Mtakatifu ana neema. Juni ikaja, wakaenda Galatina, Narda akanywa maji ya kisima akayatapika yote.

Alikuwa anakula sasa, kidogo, kama ndege. Alikuwa anasema. Lakini kila alasiri, saa ile ile ya muziki, aliinuka akasimama katikati ya chumba mguu mmoja umeinuliwa kidogo, macho juu, akingoja. Angesimama hivyo mpaka giza kama mama yake hangemkalisha.

Na Oronza, ambaye alizoea kuwatafutia wengine, alibaki na kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwa mkononi mwake. Ule wimbo wa Napoli aliusikia mara moja tu, tena akimkumbatia mtoto. Sauti yake haikuwa ya kuimba. Alikaa kwenye kigoda, tari mapajani, akapiga wa kwao, kisha akapunguza, akaanza kuung'ong'ona ule wa kigeni akiokoteza sauti moja moja. Alasiri moja ya mwezi wa Julai, sisi tuliokuwa mlangoni tulimwona Narda akitikisa kidole cha mguu. Oronza naye alikiona. Akaendelea, sauti hii, na ile, na ile nyingine.

Kidole kikatulia.

"Hapo umekosea, mama," Narda akasema.

"Unakwendaje, mwanangu? Niambie unakwendaje."

"Mimi sijui. Nikiusikia nitaujua."

Oronza alifuta kiganja kwenye sketi yake, akalishika tari, akaanza tena.